CD Player Yako Inaruka Ruka? Jaribu Hizi Mbinu Kabla Uitupe

Nyamira kuna keja mingi bado ziko na CD player chini ya TV, imefunikwa kitambaa cha mathe, na kando yake rundo la CD za Christopher Monyoncho. Usiitupe, mtu wangu. Kuna ngoma za kitambo za Ekegusii ukizisaka kwa mtandao unapata kopi mbovu, gitaa inaskika ni kama iko ndani ya debe.

Jua kwanza shida iko wapi. CD ni namba tupu: sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, na leza inazisoma kuanzia katikati ikienda nje. So lenzi chafu haipunguzi besi. Inafanya ngoma iruke, ama player ikatae CD kabisa.

Kama inaruka, moshi wa jikoni na vumbi ndio washukiwa wa kwanza. Chomoa player kwa stima. Chukua kile kijiti cha pamba cha masikio, kilowe kidogo na alkoholi ya isopropili, upanguse lenzi polepole kama unagusa jicho la mtoto. Thina ya fundi wa simu zii! Lenzi mingi ni za plastiki, thina itaichoma. Na fundi akikuambia ataongeza nguvu ya leza kwa kuzungusha kaskrubu fulani, jua itasoma fiti siku chache halafu ife mazima.

CD yenyewe panguza na kitambaa laini, ukitoka katikati kwenda nje, si kuzunguka. Na usiandike juu na biro. Watu hulinda upande unaong'aa, kumbe namba zimekaa chini tu ya lebo.

Sasa spika. Hapa ndio utaskia tofauti kubwa, na ni bure. Spika ikikaa sakafuni kwa kona, besi inavimba inameza sauti ya mwimbaji. Itoe kwa kona, iweke juu ya kitu kizito kisichotetemeka, iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Zote mbili ziwe umbali sawa na wewe. Keja ya simiti na mabati hurudisha mwangwi, so tandika kapeti na ufunge pazia nzito. Mvua ya Nyamira ikigonga mabati, hiyo haina dawa, ngoja iishe.

Cheki waya pia. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza moja, zinavutana na besi inapotea. Wengi hukimbia kununua wufa mpya na shida ilikuwa hiyo tu. Ukiskia mngurumo, tenganisha waya za sauti na za stima. Halafu rudisha besi na treble katikati, zile za kuzungusha hadi mwisho ndio hukwaruza.

CD iliyochomwa kutoka MP3 ya simu haitaokolewa na haya yote. Lakini zile orijino, zihamishe kwa kompyuta player ikiwa bado inasoma. Chagua WAV, si MP3. Dakika moja inakula kama MB 10, so flashi ya GB 8 inabeba CD tisa hivi zilizojaa.