Chimbuko la Istilahi Mbili za Hisabati ya Juu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuziona istilahi zikiwa zimekwisha kupangwa katika orodha, upande mmoja neno la kigeni na upande wa pili neno la Kiswahili. Orodha hizo zina manufaa makubwa. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba istilahi nyingi za hisabati ya juu hazikuanzia katika orodha. Zilizaliwa kandokando ya mihadhara, pale mwalimu alipokuwa akitayarisha somo juu ya dhana isiyo na jina, au mwanafunzi alipoyaandika masomo ya mwalimu wake yapate kuwa kitabu. Makala haya yanafuatilia istilahi mbili za namna hiyo, ambazo zote zina nasaba na Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani.

Gauss alipofariki mwaka 1855, nafasi yake ilishikwa na P. G. L. Dirichlet. Miongoni mwa waliohudhuria mihadhara ya Dirichlet juu ya nadharia ya namba alikuwamo Richard Dedekind, ambaye wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mhadhiri. Dirichlet alifariki mwaka 1859 bila ya kuitoa mihadhara hiyo kitabuni. Dedekind ndiye aliyeiandika, akaichapisha mwaka 1863 kwa jina la mwalimu wake. Katika toleo la pili, la mwaka 1871, alitia nyongeza yake mwenyewe, na humo ndimo alimolitumia neno Körper, yaani "mwili", kwa maana mpya: jamii ya namba ambazo ukizijumlisha, ukizitoa, ukizizidisha au ukizigawa (isipokuwa kwa sifuri), jibu halitoki nje ya jamii hiyo. Namba kamili pekee hazitoshi, kwa kuwa moja kwa mbili hutupeleka kwenye sehemu; lakini namba kamili pamoja na sehemu zake zote zinatimiza sharti. Baadaye Dedekind alieleza kwamba alilichagua neno hilo kwa sababu linaashiria kitu kilichokamilika na kujitosheleza, kama litumikavyo katika jiometri na hata katika jamii ya watu.

Wafaransa walilifasiri neno hilo kwa maana yake, wakasema corps. Waingereza na Wamarekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 1893 Felix Klein wa Göttingen alivuka bahari, akatoa mihadhara kumi na miwili huko Evanston, karibu na Chicago, mbele ya wanahisabati wa Marekani. Na mwaka huohuo E. H. Moore wa Chicago akaiita dhana ya Dedekind field. Hapo pakazuka mgongano, maana wanafizikia walikwisha kulitumia neno hilo kwa eneo la nguvu za sumaku na umeme.

Mgongano huo utatufikia nasi tusipoangalia. Katika fizikia ya Kiswahili tunasema uga wa sumaku. Mfasiri mwenye orodha ya Kiingereza peke yake ataandika "uga" kwa dhana ya Dedekind pia, na hapo mwanafunzi wa fizikia ya juu, anayezihitaji dhana zote mbili katika mhadhara mmoja, atatatizika. Sisemi kwamba "mwili" ndilo jibu. Mwili kwa Kiswahili una nyama na damu mno. Nasema tu kwamba swali lenyewe halionekani kabisa kwa mtu asiyerudi nyuma ya Kiingereza.

Istilahi ya pili ni ya David Hilbert, aliyeingia Göttingen mwaka 1895. Katika majira ya baridi ya 1900-1901, Erik Holmgren kutoka Sweden alieleza katika semina ya Hilbert kazi mpya ya Ivar Fredholm juu ya milinganyo ya integrali. Hilbert aliishika mada hiyo asiiachilie kwa miaka kadha wa kadha, na katika taarifa yake ya mwaka 1904 akatumia neno Eigenwert. Eigen ni "-a mwenyewe". Wert ni "thamani". Dhana hiyo si ngeni kwa mpiga gambusi. Uzi uliokazwa hautoi kila sauti; hutoa sauti zake tu, na kila moja ina namba yake katika mlinganyo wa mtetemo. Jamii ya namba hizo Hilbert aliiita Spektrum, wala wakati huo hakuwa akifikiria atomu. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alichapisha makala zake za nadharia ya kwanta zikiwa na neno la Eigenwert katika kichwa, na ikabainika kwamba hisabati hiyo ndiyo inayoeleza spektra ya nuru itokayo katika atomu.

Mwaka 1933 utawala wa Hitler uliwafukuza walimu wa Göttingen wenye asili ya Kiyahudi, miongoni mwao Richard Courant, Max Born na Emmy Noether. (Noether alikuwa amefundisha miaka kadhaa kwa jina la Hilbert, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuhadhiri kwa jina lake hadi mwaka 1919.) Courant alihamia New York. Katika Kiingereza neno la Hilbert lilibaki nusu Kijerumani, eigenvalue. Paul Halmos alipigania istilahi ya Kiingereza kitupu kwa miaka mingi, na katika kitabu chake cha mwaka 1967 akakiri kwamba ameshindwa. Wafaransa walisema valeur propre, Wataliani autovalore.

Sisi je? Isimu ilipata istilahi zake kwa haraka kwa kuwa Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, iliifundisha kwa Kiswahili, na wanafunzi wakayachuja maneno kwa masikio yao. Mihadhara ya hisabati ya juu haikupata bahati hiyo. Kwa Eigenwert napendekeza "thamani nafsi", kwa kuwa nafsi hubeba umwenyewe ule uliomo katika neno la Hilbert. Na ajitokeze mhadhiri mmoja alitumie mbele ya darasa, akiwa na uzi wa gambusi mkononi, tuone kama wanafunzi watalirudia watokapo nje.