Mshindo wa Bunduki na Ukimya wa Mshale

Machi 1909, Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya bomba fupi la chuma linalofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kumeza mlio wake. Mwezi uliofuata Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani wiki chache tu, aliteremka Mombasa na shehena ya bunduki. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa kwenye nyanda za Uasin Gishu, karibu na kilima cha Sergoit, akiwatazama vijana wa Kinandi wakimuua simba kwa mikuki. Wapanda farasi walimzuia simba asitoroke. Vijana wakafika kwa miguu, wakamzingira, wakaukaza mduara mpaka akawarukia. Katika uwindaji ule hakuna aliyenyemelea wala aliyejificha. Simba aliwaona wanaokuja kumuua, nao walimwona.

Kwenye nyanda hizo mji wa Eldoret ulikuwa bado haujazaliwa. Makaburu wa msafara wa Jansen van Rensburg walikuwa wamefika mwaka mmoja tu kabla ya uwindaji ule, na shamba namba 64, lililoupa mji jina la Sisibo ambalo wazee hawajalisahau, lilikuwa majani matupu. Lakini jina la Maxim lilikwisha kujulikana huku, tena kwa uchungu. Baba yake mvumbuzi wa bomba lile, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni mwaka 1884 bunduki ya rashasha ambayo Waingereza waliwaelekezea Wanandi katika vita vilivyommaliza kiongozi wao Koitalel arap Samoei, Oktoba 1905. Baba aliuza ngurumo, mwana akauza kimya. Maxim mzee, kwa taarifa yako, alizeeka akiwa kiziwi.

Kiwambo cha sauti, maana ndilo jina la bomba lile, hakina siri kubwa. Gesi ya baruti hutoka kwenye mtutu kwa shinikizo na joto kali. Vyumba vilivyopangwa ndani ya kiwambo huichelewesha, huipoza na kuiachia taratibu, sawasawa na sailensa ambazo mafundi wa Eldoret huchomelea chini ya matatu. Bunduki ya kuwindia hupiga mshindo wa desibeli 160 na ushee, ilhali mlio wa ghafla unaozidi 140 unaweza kuliharibu sikio mara moja tu unapolipata. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Kwa hiyo kimya kile cha sinema, risasi kutoka kama mtu anayekohoa, ni hadithi. Risasi ya kuwindia huenda mita 800 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, na hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe ambao kiwambo hakiugusi. Kinachopotea hasa ni ishara ya mahali mpigaji aliposimama.

Sasa tazama jinsi nchi mbalimbali zilivyokipokea chombo hiki kimoja. Norway na New Zealand kimeuzwa kwa miaka mingi bila kibali chake maalumu. Uingereza imekuwa ikikiandika kwenye cheti cha bunduki, na wawindaji wengi wa kulungu wanacho. Ujerumani ilikuwa ngumu kwa muda mrefu, kisha mwaka 2020 ikawafungulia mlango wawindaji wenye leseni. Hoja za huko ni za jirani mwema: masikio ya mwindaji na ya mbwa wake, usingizi wa wanakijiji, kundi lisilotawanyika kwa hofu, na teke la bunduki linalopungua hata mpigaji asifumbe macho kabla ya kufyatua. Hoja hii ya mwisho naiona nzito kuliko zote, maana mkono uliotulia hujeruhi wanyama wachache. Wapinzani nao wana yao: bunduki inarefuka na kuelemea mbele, kiwambo hupata moto na hewa yake ya moto kuyumbisha picha mbele ya darubini, na mtu anayetembea msituni hupoteza onyo la kwamba kuna risasi zinazopigwa karibu.

Marekani, nchi ya mvumbuzi mwenyewe, ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1934, zama za majambazi wa mijini, Bunge lilikitoza kiwambo kodi ya dola 200, fedha nyingi sana wakati ule, na kuamuru kisajiliwe. Kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, ingawa usajili umebaki. Mnorway alikiona kiwambo kuwa kifaa cha adabu, Mmarekani akakiona kuwa kifaa cha mhalifu, na sheria ya kila mmoja ikafuata alichokiona.

Afrika Mashariki ilikuwa na uwindaji wa kimya kabla ya hataza yoyote. Waokiek wa misitu ya Mau na Tinderet waliwinda kwa mitego, mbwa na mishale ya sumu. Wawaata wa Tsavo walivuta pinde nzito kiasi cha kulinganishwa na zile ndefu za Waingereza wa kale, na walimwangusha tembo kwa sumu iliyopikwa kutokana na msunguti, inayousimamisha moyo. Mshale hauna mlio wa kumtambulisha mpigaji. Hata hivyo kimya hiki si ndugu wa kile cha kiwambo. Mwenye upinde hana budi kusogea hadi hatua chache, aujue upepo, kisha afuate nyayo mpaka sumu imalize kazi. Ukimya wake ameulipia kwa ukaribu. Mwenye bunduki ya kiwambo anaupata akiwa mita mia mbili nyuma ya kichaka.

Serikali ya kikoloni iliuita uwindaji wa mshale ujangili. Katikati ya miaka ya 1950 David Sheldrick, msimamizi wa hifadhi ya Tsavo Mashariki, na wenzake waliendesha msako mkubwa dhidi ya Wawaata, ilhali mgeni mwenye leseni alipiga tembo kwa ngurumo na kuitwa mwanamichezo. Nisiwaonee waliotunga sheria zile: walidai kwamba sumu na mitego huua polepole na bila kuchagua, na dai hilo si la kupuuzwa. Lakini mizani ile imepinda kwa namna ya kuchekesha. Uingereza ya leo, kwa sheria ya mwaka 1981, hairuhusu upinde kuwindia wanyamapori, na bado inaruhusu kiwambo.

Kenya imekataa vyote viwili. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikurudisha hata uwindaji wa kitoweo. Tanzania ilifunga mwaka 1973 na kufungua tena mwaka 1978. Hapo ndipo maana ya mlio inapogeuka. Mahali uwindaji ni halali, mlio ni kero ya kupunguzwa. Mahali ni haramu, mlio ni shahidi: askari anayelinda vifaru usiku hutegemea sikio lake ajue akimbilie wapi, na majangili walioingia hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, na bunduki zenye viwambo walikuwa wanamnyima shahidi huyo. Sheria ya bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio kuwa bunduki kamili. Norway ingeliona jambo hilo kuwa ukali wa bure. Kwa nchi yenye vifaru na isiyo na wawindaji halali, ni busara.

Kwa hiyo hoja nyingi za Ulaya hazina mteja Uasin Gishu. Moja tu inavuka bahari salama, nayo ni ya masikio. Eldoret kuna kiwanda cha serikali kinachotengeneza risasi, na kote nchini kuna askari wa wanyamapori wanaofanya mazoezi ya shabaha mwaka baada ya mwaka. Masikio yao hayana tofauti na ya mwindaji wa Oslo. Wakuu wao waanze na vifuniko vya masikio, kila askari na vyake, kwenye kila uwanja wa shabaha. Vifuniko havihitaji leseni wala mjadala wa Bunge.