Deraya ya Farasi

Wenzangu mnaopenda gemu, hebu tukumbushane kisa cha farasi. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa nyongeza ya gemu lake la Oblivion: deraya ya farasi. Farasi anavalishwa chuma, basi. Kwenye Xbox 360 bei ilikuwa pointi 200, yaani dola 2.50. Wachezaji walikasirika, wakakejeli, na bado wengi walinunua.

Zamani nyongeza ilikuja dukani ndani ya boksi. Brood War ya mwaka 1998 iliiongezea StarCraft vita vipya na hadithi mpya. Boksi lina gharama zake, nani angethubutu kulijaza nguo ya farasi peke yake? Intaneti ikaondoa gharama hiyo, na kila kikorokoro kikapata bei.

Na zile pointi, jamani! Dola moja ilikuwa pointi 80. Unanunua fungu la 500, unatumia 200, zinabaki 300 zinakuwasha mfukoni. Microsoft iliziacha mwaka 2013, ila ujanja wenyewe ungalipo kwenye magemu mengi.

Mimi namwazia mtunzi. Akishajua kila kipande kinauzika, ataacha kujiuliza hadithi inataka nini, ataanza kujiuliza abakize nini nje. Na si lazima iwe hivyo: Bethesda hao hao mwaka 2007 walitoa Shivering Isles, dola 30, nchi nzima ya wendawazimu ya kuzurura. Hiyo ni halali yao.

Mwaka 2025 Oblivion ilirudi ikiwa imetengenezwa upya, na toleo la bei ya juu likaja na deraya mpya za farasi. Nilicheka. Halafu nikajikuta naangalia bei.