Hofu Inayoanzia Kwenye Pumzi: Hoja Dhidi ya Nadharia ya Vipengele Viwili

Vitabu vingi vya saikolojia humaliza mjadala wa mwili na hisia kwa hadithi ya upatanisho. William James, mwaka 1884, alidai kwamba hatutetemeki kwa kuwa tunaogopa, bali tunaogopa kwa kuwa tunatetemeka. Walter Cannon akamjibu mwaka 1927 kuwa mabadiliko ya viungo vya ndani huja polepole mno, tena hufanana mno, hata yasiweze kuzaa hisia zilizo tofauti. Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer wakaja na suluhu, nadharia ya vipengele viwili: mwili hutoa msisimko usio na sura, na akili, baada ya kutazama mazingira, huupa msisimko huo maana ya hasira, furaha au hofu. Makala haya yanaukataa upatanisho huo. Ninachodai ni kwamba angalau njia moja ya mwili, yaani njia ya pumzi, haipeleki ubongoni msisimko mtupu unaosubiri kufasiriwa. Hupeleka kitu ambacho tayari ni hofu.

Jaribio la 1962 hutajwa kana kwamba matokeo yake yalikuwa bayana, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wanafunzi wa kiume wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliambiwa kwamba wanadungwa vitamini ili uwezo wao wa kuona upimwe. Baadhi walidungwa adrenalini, wengine maji ya chumvi. Kisha kila mmoja aliketishwa na kijana aliyepangwa na watafiti, ambaye ama alichangamka na kurusha ndege za karatasi, ama alikasirikia fomu ya maswali hadi akaichana. Waliofichwa athari za dawa walitarajiwa kuambukizwa hisia za kijana huyo kuliko waliodungwa maji ya chumvi, ambao miili yao haikuchochewa. Lakini katika vipimo vya msingi makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa namna inayotosha kuibeba nadharia. Mwaka 1979 Gary Marshall na Philip Zimbardo walilirudia jaribio la furaha, na Christina Maslach akatumia mbinu yake ya kuchochea mwili kwa hipnosi. Pande zote mbili zilikuta kwamba mtu aliyesisimka bila kujua sababu huelekea kujisikia vibaya, hata akiwa na mwenzake aliyechangamka. Msisimko usio na sura haukupaswa kuegemea upande wowote. Inashangaza kwamba matokeo haya hayajapata hata robo ya nafasi iliyopewa jaribio la kwanza.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ulitoka Iowa. Mwanamke anayejulikana katika fasihi ya nyurolojia kwa herufi S.M. ana ugonjwa adimu wa kurithi ulioharibu amigdala zake zote mbili, sehemu za ubongo ambazo kwa miongo mingi zimeitwa makao ya hofu. Mwaka 2011 Justin Feinstein na wenzake walieleza jinsi walivyompeleka kwenye duka la wanyama, akamshika nyoka kwa shauku, na kwenye jumba la kutishia watu, ambako aliwacheka waliovaa kama mazimwi. Sinema za kutisha nazo hazikumtia hofu. Kisha wakambadilishia kichocheo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, yeye na wagonjwa wengine wawili wenye madhara yaleyale walivalishwa barakoa na kuvuta pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa. Katika hewa ya kawaida kiwango hicho ni takriban asilimia 0.04. S.M. alipunga mkono kwa fujo kuelekea barakoa na kuomba msaada. Wote watatu walipatwa na hofu kuu, na S.M. alisema hakuwahi kuhisi hofu ya namna ile tangu alipokuwa mtoto.

Hawa ni watu ambao ubongo wao umekosa kile kiungo kinachoipima hatari iliyo nje. Mazingira yao hayakuwa na nyoka wala zimwi. Palikuwa na watafiti na barakoa. Hata walipokuwa wakisubiri kuvuta hewa ile, miili yao haikuonyesha wasiwasi wa matarajio ulioonekana kwa watu wenye amigdala nzima waliokuja kupatwa na hofu. Hofu ilikuja baada ya pumzi, si kabla. Hewa ya ukaa huongeza asidi katika damu, na chembe zinazoihisi asidi hiyo ziko katika shina la ubongo na kwenye mishipa ya shingoni. Wafuasi wa Schachter na Singer watatuonyesha wapi kitu cha nje ambacho akili ya S.M. ilikitazama ili kuiita hali ile hofu, ilhali nyoka aliye mkononi hakuweza kuizua?

Ipo pingamizi nzito, na inatoka ndani ya utafiti uleule. Kati ya watu 12 wenye ubongo usio na madhara waliovuta hewa hiyo, 3 tu ndio waliopatwa na hofu kuu. Ikiwa pumzi hubeba hofu yenyewe, mbona 9 walisalimika? Jibu lililo karibu zaidi ni kwamba amigdala nzima huenda ikaizuia hofu inayopanda kutoka shina la ubongo, na kwa waliokosa kizuizi hicho hofu hupita bila kuzuiwa. Ni dhana, na wagonjwa watatu ni wachache, lakini uadimu wa ugonjwa wenyewe hautuachii sampuli kubwa. Wengine husema kilichotokea ni woga wa kukosa hewa tu, si hisia kamili. Sioni tofauti hiyo inasimama juu ya nini, maana wagonjwa wenyewe waliulizwa na kuiita hofu. Faida hiyo Cannon hakuwa nayo. Paka wake waliokatwa neva za simpathetiki waliendelea kumfokea mbwa, lakini paka hawezi kuulizwa anahisi nini, na pumzi yake haikuguswa.

Sidai kwamba kila kiungo hufanya kazi ya pumzi. Gregorio Marañón alipowadunga wagonjwa wake adrenalini na kuchapisha matokeo mwaka 1924, wengi walieleza mapigo ya moyo na mtetemeko tu. Baadhi walisema wamejisikia kama wanaoogopa, huku wakijua hawaogopi. Mwaka 2023 maabara ya Karl Deisseroth iliharakisha mioyo ya panya kwa mwanga, na wasiwasi wao ukaongezeka pale tu mahali palipokuwa na hatari. Moyo, basi, huenda kweli unahitaji mazingira. Kosa la nadharia ya 1962 ni kuichukua adrenalini, na moyo unaodunda kwa sababu yake, kuwa mwakilishi wa mwili mzima.

Jambo hili linawagusa wagonjwa. Tangu David Clark alipotoa maelezo yake mwaka 1986, tiba ya mashambulizi ya hofu imejengwa juu ya wazo kwamba mgonjwa huifasiri vibaya dalili ya mwili isiyo na madhara. Donald Klein alipinga mwaka 1993, akidai kwamba kwa baadhi yao mfumo wa kugundua ukosefu wa hewa hutoa tahadhari pasipo sababu. Ushahidi wa S.M. unampa nguvu Klein. Kwa mgonjwa ambaye hofu yake hupanda kutoka kwenye pumzi, kumfundisha kurekebisha fikra peke yake ni kutibu pasipoumwa, na zoezi la kuizoesha pumzi yenyewe linafaa liwe la kwanza.