Ithibati: ya nani, ya nini?

Watanzania wengi siku hizi wanalisikia neno ithibati kwenye habari za waandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na tangu bodi hiyo ianze kazi mwaka 2025, mwandishi huulizwa ithibati yake kama dereva anavyoulizwa leseni. Hapo ithibati ni ya mtu, ina jina lake. Katika elimu ya juu neno hilohilo lina kazi nyingine, na anayelichukulia kwa maana ya kwanza anaweza kulipa ada ya uzamili miaka miwili au mitatu akapata shahada isiyomfikisha alikokusudia. Tofauti hiyo huonekana wazi katika taaluma ya tiba ya ndoa na familia nchini Marekani, ambako Waswahili walioko ughaibuni nao wanaweza kuisomea.

Ithibati imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa thabiti na thibitisha. Kwa matumizi ya kawaida ni ushahidi, jambo lisiloacha shaka. Kiistilahi maana yake imebanwa: ni tamko la chombo cha nje kwamba chuo, au programu moja ndani ya chuo, imekaguliwa ikaonekana kufikia viwango vilivyowekwa, kwa muda uliotajwa. Muda ukiisha, inakaguliwa upya. Wapo wanaopendelea kusema "utambuzi". Mimi naona neno hilo ni legelege mno, kwa sababu chuo kinaweza kutambuliwa kwa maana ya kusajiliwa tu, bila mtu yeyote kupekua mtaala wake. Usajili huruhusu chuo kufungua milango. Ithibati huuliza kinachofundishwa ndani, nani anafundisha, na wahitimu wanaishia wapi.

Marekani haina wizara inayoingia vyuoni kufanya ukaguzi huo. Kazi hufanywa na vyombo visivyo vya serikali, na hufanywa kwa ngazi mbili ambazo matangazo ya vyuo hupenda kuzichanganya. Ngazi ya kwanza ni ithibati ya chuo kizima. Mfano ulio karibu nasi ni USIU-Africa ya Nairobi, ambayo pamoja na kuwa chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, ina ithibati ya WSCUC, tume yenye makao yake California. Ithibati ya namna hii inahusu taasisi nzima. Haisemi lolote kuhusu ubora wa kozi moja ya tiba ya familia.

Ngazi ya pili ni ithibati ya programu, na hapa majina ya kukumbuka ni COAMFTE, tume inayoshughulikia elimu ya tiba ya ndoa na familia peke yake, na CACREP, iliyoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya taaluma za ushauri nasaha kwa jumla, hii ya ndoa na familia ikiwa mojawapo. Wakaguzi hao nao wana mkaguzi wao: tume zote mbili zinatambuliwa na CHEA, baraza la mambo ya ithibati lililoko Washington.

Kwa nini taaluma moja iwe na tume yake? Kwa sababu inadai kuwa na fikra yake. Gregory Bateson na wenzake kule Palo Alto, katika makala yao ya 1956, walijaribu kuueleza ugonjwa wa akili kwa kuangalia mawasiliano ya nyumbani, si kichwa cha mgonjwa pekee. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, alifanya kazi na familia maskini New York kabla ya kuongoza kliniki ya watoto Philadelphia, na alitazama mipaka ndani ya nyumba: nani anamwamuru nani, mtoto gani amefanywa mzazi. COAMFTE hutaka fikra hiyo, ya kuitazama familia kama mfumo, iwe uti wa mgongo wa masomo, isiwe kozi moja ya kuchagua mwishoni. Ndiyo maana nasema "tiba" hata kama neno lenyewe linatutia mashaka. Nguzo za umeme za Dar es Salaam zimejaa vibao vya waganga wa kurudisha wapenzi, na mtu akisikia tabibu wa ndoa anaweza kufikiria huko. Lakini "ushauri nasaha" umeshabeba taaluma nyingine, na somo na kungwi wana kazi yao.

Sasa leseni. Hii ndiyo ya mtu, na hutolewa na jimbo. California ilianza kuwapa leseni wataalamu wa tiba ya ndoa na familia mwaka 1963, na kufikia 2009 majimbo yote 50 yalikuwa na utaratibu huo. Kila jimbo lina masharti yake. California hudai saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, na kati ya hizo saa 500 ziwe na wenzi, familia au watoto. Hata hivyo haidai programu iwe na ithibati ya COAMFTE, na ziko programu nyingi huko zisizo nayo ambazo wahitimu wake hupata leseni bila taabu. Kwa hiyo kukosa ithibati ya programu si dalili ya utapeli. Gharama yake hujitokeza mtu akihama. Bodi ya jimbo jingine inaweza kuipitia orodha ya masomo yake kozi kwa kozi, ikimwambia hili halitoshi, lile rudia.

Anayesoma kwa masafa amekwisha kuhama kabla ya kuhama: chuo kiko jimbo moja, yeye yuko jingine. Tangu Julai 2020 kanuni za serikali kuu zinavitaka vyuo vinavyopokea fedha zake za wanafunzi kutangaza ni katika majimbo gani programu yao inakidhi masharti ya leseni na katika yapi haikidhi. Orodha hiyo mara nyingi imefichwa pembeni mwa tovuti. Itafute, kisha ilinganishe na masharti ya bodi ya jimbo lako mwenyewe.

Kilichobaki ni mafunzo kwa vitendo. California, kwa mfano, hudai saa 225 ndani ya shahada yenyewe, nyingi zikiwa za kukaa ana kwa ana na wateja. Muulize mratibu wa programu nani atakutafutia kituo na msimamizi mjini unakoishi. Akijibu kwamba mwanafunzi hujitafutia mwenyewe, zipigie simu kliniki mbili tatu za karibu kabla hujalipa ada ya maombi.