Leseni ya muda ya muuguzi katika njia ya Mingoyo

Mingoyo ndipo barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Lindi kwenda Mtwara. Ukiifuata utapita Nyangao, ambako misheni ya Wabenediktini ilichomwa moto wakati wa Maji Maji mwaka 1905, kisha Ndanda, misheni iliyoanzishwa mwaka 1906. Kwa miongo mingi wagonjwa wa bara ya Lindi walitibiwa huko na masista kutoka Ujerumani, na katika miaka ya mwanzo kilichowapa masista hao kibali cha kutibu ni shirika lao, si baraza lolote la taaluma.

Usajili wa wauguzi Tanganyika ulianza kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sheria ya 1997 ikafuata, kisha Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, inayotenganisha usajili na leseni: jina likishaingia daftarini, mtu bado anahitaji leseni ili amguse mgonjwa. Mgeni anayekuja kwa kipindi kifupi huomba leseni ya muda kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, akionyesha vyeti vyake na uthibitisho wa kusajiliwa nchini kwao. Anayejitolea bila mshahara naye hasamehewi, na ndivyo inavyofaa, kwani sindano ni ileile. Muda ukiisha, ruhusa nayo imekwisha.