Safura na Sadaka ya Dola Milioni Moja

Mwaka wa jubilei ni mwaka wa kuzihesabu sadaka zilizojenga nyumba za dawa na kuwashukuru waliozitoa. Walakini yatupasa kuuliza pia: fedha ya sadaka yawezaje kumfikia mgonjwa akaaye mbali na mganga, na fedha ikiisha hubaki nini? Jibu moja twaliona katika habari ya Marekani, nayo ni habari ya ugonjwa tuujuao sana sisi wenyewe, yaani safura.

Safura huletwa na minyoo midogo ijishikizayo katika utumbo na kunywa damu. Mayai yake hutoka pamoja na mavi. Yakianguka katika udongo wenye joto na unyevu huanguliwa, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Mgonjwa hupauka na kuchoka, na mtoto hushindwa na masomo. Mwaka 1902 mtaalamu Charles Wardell Stiles alionyesha ya kuwa minyoo hiyo imeenea kusini ya Marekani. Magazeti yakafanya mzaha, yakamwita mdudu wa uvivu. Kumbe wengi waliotukanwa kuwa ni wavivu walikuwa wamepungukiwa damu.

Mwezi wa Oktoba 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola 1,000,000 zitumiwe kwa miaka 5. Watu wengi wa kusini walichukizwa, wakidhani ya kuwa watu wa kaskazini wanawaaibisha. Basi Wickliffe Rose, mwalimu wa Tennessee aliyewekwa kuisimamia kazi, hakujenga hospitali mpya. Alishirikiana na idara za afya za majimbo 11, na wilaya zilizotaka nyumba ya dawa ziliombwa kutoa fungu la fedha zao wenyewe, hata likiwa dogo. Twasifu hekima hiyo, kwa maana mtu hukilinda kitu alichokigharimia.

Nyumba hizo za dawa zilikuwa za kuhama. Siku ilitangazwa mbele, na watu wakaja kwa miguu na kwa magari ya farasi, wamechukua chakula chao. Walioneshwa minyoo katika chupa, na mayai yake kwa darubini, hata aliyekuja kucheka akaamini kwa macho yake. Kisha walipewa bure dawa ya thimoli, na baadaye haluli ya kuitoa minyoo, wakaonywa wasile mafuta wala kunywa pombe siku ya dawa, maana thimoli ikichanganyika nayo yaweza kudhuru. Tena walifundishwa kuchimba vyoo.

Kazi ilipokoma mwisho wa mwaka 1914, watu karibu 700,000 walikuwa wametibiwa. Katika watoto waliopimwa, kama 40 katika kila 100 walionekana na minyoo. Mwaka 2007 mtaalamu wa uchumi Hoyt Bleakley alionyesha ya kuwa, baada ya kazi ile, katika sehemu zilizokuwa na safura nyingi watoto walizidi kwenda shule na kujua kusoma. Hayo ni matunda makubwa.

Walakini safura haikwisha. Wengi waliopona waliambukizwa tena, kwa sababu dawa ilitolewa kwa siku moja, bali choo kilingoja hiari ya mwenye nyumba, na nyumba nyingi za mashamba hazikuwa nacho. Mtoaji aliweza kununua dawa; hakuweza kuchimba shimo katika kila ua.

Nasi tujifunze hapo. Tuwaombapo wafadhili dawa na fedha, tusiwaachie kazi iliyo yetu. Sadaka ya mgeni yatosha kumponya mtoto leo. Asirudi na ugonjwa ule ule mwakani, hiyo ni juu yetu sisi tukaao naye. Basi kila nyumba ya dawa tuishukuruyo mwaka huu, na tuulize kama nyumba zinazoizunguka zina vyoo.